Mshono wa upasuaji wa uzazi ukiwa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mama aliyejifungua kwa upasuaji, na ya wanaomuuguza: mama mzazi, mama mkwe, wifi, mume. Mshono uliofungwa vizuri hospitali hauhitaji dawa ya kupaka. Unahitaji usafi, ukavu na jicho la kuutazama kila siku. Mengi yaliyomo humu yanaufaa pia mshono mwingine wowote wa tumbo.

Nimekatwa wapi hasa, na ndani kuna nini?

Wengi hukatwa mkato wa kulala, sentimita 2 hadi 3 juu ya mfupa wa kinena, urefu wa sentimita 12 hadi 15. Madaktari huuita mkato wa Pfannenstiel, kwa jina la daktari wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1900. Wengine hukatwa wima kutoka chini ya kitovu, hasa dharura inapokuwa kubwa au kovu la zamani likiwa hapo.

Chini ya ngozi kuna mafuta, kisha ukanda mgumu mweupe unaoshikilia misuli, kisha misuli yenyewe (kwa kawaida husogezwa pembeni, haikatwi), kisha utando wa tumbo, na mwisho mfuko wa uzazi. Mfuko wa uzazi na ule ukanda mgumu vinashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka. Kwa hiyo mstari unaouona kwenye ngozi ni kifuniko tu.

Ngozi ya juu hujifunga ndani ya saa 48 hivi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mwisho wa wiki ya kwanza nguvu ya mshono haijafika hata sehemu ya kumi ya ngozi nzima. Wiki ya tatu imefika kama moja ya tano. Miezi mitatu ni karibu asilimia 80, na hairudi yote tena. Ndiyo maana unakatazwa kubeba ndoo hata siku unayojisikia mzima.

Bandeji itolewe lini?

Kwa kawaida kati ya saa 24 na 48 baada ya upasuaji, na mara nyingi muuguzi huitoa kabla hujaruhusiwa. Ikilowa damu au maji kabla ya hapo, ibadilishwe. Usingoje siku ifike. Bandeji mbichi juu ya mshono ni mbaya kuliko kutokuwa na bandeji kabisa.

Ikiwa imeganda, ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, subiri dakika chache, halafu ivute taratibu ikilala sambamba na ngozi, siyo kuinyanyua juu. Baadaye mshono ukae wazi chini ya nguo safi ya pamba. Nguo ikiukwaruza, weka gozi moja kavu na plasta pembeni. Usiweke pamba moja kwa moja juu yake, nyuzi zake hunasa. Wala usiufunike kwa nailoni. Jasho halina pa kutokea.

Naruhusiwa kuoga?

Ndiyo, bandeji ikishatolewa, na ni vizuri uoge kila siku. Kutooga kwa kuogopa mshono ni kosa, hasa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ambako jasho halikauki.

Nawa mikono kwanza kwa sabuni. Oga ukiwa umesimama au umekaa kwenye kigoda, maji ya uvuguvugu yakimiminwa kwa kopo kutoka juu. Acha povu la sabuni ya kawaida, hata ya mche, lipite juu ya mshono. Usisugue kwa dodoki. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Suuza mpaka utelezi uishe. Kisha chukua kitambaa safi cha pamba ambacho ni cha mshono tu, ugusegusie juu yake mpaka ukauke. Usiburute. Kama maji yako ni ya kisima, mto au bwawa, ya mshono yachemshe kwanza.

Hapa wengi hukosea: tumbo baada ya kuzaa hulegea na kukunja juu ya mshono. Mama akisimama anaona kumekauka, akikaa kunjo linafunika na unyevu unabaki ndani. Lala chali, mwenzako ainue kunjo hilo kwa mkono safi, ukaushe mpaka pembe zote mbili za mshono, kisha ubaki umelala dakika 10 hewa ipite. Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Mwenye tumbo kubwa aweke kitambaa chembamba cha pamba, kilichofuliwa na kupigwa pasi, kati ya kunjo na mshono, akibadilishe kila kinapolowa.

Kujilowesha kwenye beseni au kuogelea baharini, ngoja mpaka mshono ufunge kabisa na damu ya uzazi ikatike.

Bibi anataka kunikanda maji ya moto. Nikubali?

Tumboni, hapana. Kukandwa ni huduma ya upendo na hakuna anayetaka kumvunjia bibi heshima, lakini mama aliyepasuliwa ana hatari mbili ambazo aliyezaa kawaida hana. Kwanza, mishipa midogo ya fahamu imekatwa, hivyo ngozi ya juu ya mshono ina ganzi. Maji yanayomfanya mtu mwingine aruke, wewe huyasikii, na unaungua mpaka malengelenge yatokee. Pili, kukandamiza kwa nguvu kunavuta nyuzi za ndani ambazo bado ndizo zinazoshikilia kila kitu.

Wasiwasi wa bibi ni damu iliyobaki. Damu ya uzazi hutoka yenyewe kwa wiki 4 hadi 6, ikianza nyekundu, ikaja kahawia, kisha nyeupe-manjano, na kunyonyesha kunausaidia mfuko wa uzazi kujikaza. Mwachie bibi mgongo na mabega, kwa kitambaa cha vuguvugu. Huko mkono wake unahitajika kweli, maana kunyonyesha ukiwa na mshono kunachosha mgongo.

Na mkaja?

Unaruhusiwa ukifungwa kwa kiasi. Kitambaa au mkanda mpana unaoshika tumbo hupunguza maumivu ukitembea au ukikohoa. Uwe safi, upite juu ya nguo ya pamba, na uweze kupitisha vidole viwili chini yake bila shida. Ufungue ukilala. Ukiubana ili tumbo lirudi upesi, unachopata ni jasho juu ya mshono na pumzi fupi. Tumbo halirudi kwa kubanwa.

Nipake nini kidonda kikauke haraka?

Usipake chochote, isipokuwa aliyekuona amekuandikia. Tunajua jibu hili haliridhishi, kwa hiyo tueleze kitu kimoja kimoja.

Spiriti na peroksaidi huua vijidudu, lakini huua pia chembe changa zinazojenga ngozi, na kidonda kinachelewa. Dettol isiyochanganywa na maji ya kutosha inaunguza. GV, ile dawa ya zambarau, hupaka rangi juu ya kila kitu, na wekundu wa maambukizi hauonekani tena. Kufungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake ni desturi iliyoenea sana na ina madhara: unga hugandamana na majimaji kuwa gamba, usaha unabaki chini yake, na dawa haifiki panapotakiwa. Asali hutumika hospitalini kwenye vidonda vilivyo wazi, ikiwa imeandaliwa maalumu. Ya kwenye chupa ya jikoni inaweza kuwa na vijidudu. Mafuta ya nazi na vaselini hulainisha ngozi inayotakiwa kukauka.

Jivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe na majani yaliyotafunwa visikaribie kabisa. Udongo na kinyesi hubeba vimelea vya pepopunda, na pepopunda huua.

Nyuzi zitatolewa lini?

Uliza kabla ya kuruhusiwa: "Nimeshonwa kwa uzi unaoyeyuka au wa kutolewa?" Unaoyeyuka hautolewi. Wa kutolewa hutolewa siku ya 5 hadi 7 kwa mkato wa kulala, na siku ya 7 hadi 10 au zaidi kidogo kwa mkato wa wima. Ukiachwa wiki tatu huzama kwenye ngozi, huacha alama kama ngazi na kuwa njia ya vijidudu. Usizikate mwenyewe kwa wembe. Uzi ukivutwa vibaya, sehemu iliyokuwa nje hupita ndani ya mwili na uchafu wake.

Nitajuaje kama mshono umeingiwa na vijidudu?

Utazame kila asubuhi mwangani. Wewe mwenyewe huwezi kuuona vizuri, hivyo tumia kioo au upigwe picha kwa simu, umbali uleule kila siku. Picha ya jana na ya leo zikiwekwa pamoja husema mengi.

Siku za mwanzo ni kawaida kuona uvimbe mdogo, michubuko, ukingo mgumu kama kamba na tone la majimaji ya rangi ya maji ya mchele. Maumivu yanatakiwa kupungua siku hadi siku. Yakipungua halafu yakaanza kupanda tena, hiyo ni dalili hata kama huoni kitu kwa nje.

Maambukizi mengi hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 10, yaani ukiwa nyumbani tayari. Vitabu husema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauji hivyo. Ngozi huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, inang'aa na kunyooka kama imevutwa. Weka mgongo wa mkono: ni moto kuliko paja? Bonyeza ukingo: ni mgumu na unauma? Kama una shaka, chora mpaka wa weusi huo kwa kalamu ya wino. Ukivuka mstari kabla ya jioni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usaha, harufu mbaya, au kipande cha mshono kuachia, nenda bila kuchora chochote.

Nenda hata usiku kama: homa imefika 38 au zaidi, ngozi imegeuka kijivu au nyeusi na maumivu ni makali kuliko kinachoonekana, damu ya uzazi inanuka na tumbo la chini linauma, unalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma ya goti kushuka chini, au kifua kimebana ghafla na pumzi haitoshi. Hizo mbili za mwisho ni dalili za damu kuganda kwenye mishipa. Mguu huo usichuliwe.

Wanafamilia, mama asilaumiwe. Vijidudu vingine huingia wakati wa upasuaji wenyewe, na mwenye kisukari, upungufu wa damu, uzito mkubwa au aliyekaa na chupa imepasuka kwa saa nyingi yuko hatarini zaidi hata akifanya kila kitu sawa. Lawama huwafanya wafiche kidonda, na kufichwa ndiko kunakokizamisha.

Nina homa. Si malaria tu?

Inaweza kuwa, lakini usiamue bila kupimwa. Mama aliyepasuliwa wiki mbili zilizopita akipata homa, kwanza atazamwe mshono, mfuko wa uzazi, matiti na mkojo, pamoja na kipimo cha malaria. Hata kipimo kikionyesha malaria, mshono utazamwe bado. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Siku tatu za kumeza dawa ya malaria kwa homa ya mshono ni siku tatu za usaha kuchimba ndani.

Mshono umeachia kidogo na unatoa majimaji. Nifanye nini?

Nenda kituo cha afya siku hiyo. Huenda ni majimaji yaliyojikusanya chini ya ngozi, huenda ni damu iliyoganda, huenda ni usaha. Atakayekuona atapima kina chake. Usiubane kwa plasta ili kingo zikutane. Ukifunga mlango juu, uchafu unatafuta njia ya ndani.

Mara nyingi kidonda kama hicho hakishonwi tena mara moja. Huachwa wazi kijae nyama kutoka chini kuja juu, kwa kuoshwa na kufungwa kila siku kwa wiki kadhaa. Inatisha kutazama, lakini nyama nyekundu yenye vipele vidogo kama komamanga ni habari njema. Nyama ya kijivu au njano inayoteleza siyo.

Ukiwa umefundishwa kukiosha nyumbani, maji ya chumvi huandaliwa hivi: chemsha nusu lita ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yachemke dakika 10, yapoe yakiwa yamefunikwa. Tengeneza mapya kila siku. Nawa mikono, toa gozi la zamani, nawa tena. Mimina maji kidondani yakatoke na uchafu. Lowanisha gozi safi, likamue, lilaze ndani bila kulishindilia, na juu weka kavu. Hesabu gozi zinazoingia, na kesho hesabu zinazotoka. Gozi moja lililosahaulika ndani hunuka na kuzuia kidonda kufunga kwa majuma.

Ikiwa mshono umefumuka wote na utumbo unaonekana, mama alale chali amekunja magoti, funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi yaliyochemshwa, usirudishe kitu ndani, asile wala kunywa, na awahishwe hospitali.

Maumivu nitumie dawa gani wakati nanyonyesha?

Parasetamoli ya miligramu 500: vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Hesabu pia iliyomo kwenye dawa za mafua. Mwenye uzito chini ya kilo 50 aulize kipimo chake. Maumivu yakibaki, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula. Zote mbili zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Asiyetakiwa kumeza ibuprofeni bila kuuliza ni mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, au aliyepata presha ya mimba. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, ni za kundi moja. Tramadoli na kodeini zinaweza kumlevya mtoto na kumpunguzia pumzi. Zisinunuliwe dukani kienyeji.

Meza kwa saa siku za kwanza, usingoje uchungu ukuzidi. Mama asiyeumwa sana huinuka, hutembea na hukohoa vizuri, na kutembea ndiko kunakozuia damu kuganda. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia mto juu ya mshono. Ukitoka kitandani, geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Usiinuke moja kwa moja kwa tumbo. Mtoto mnyonyeshe ukilala ubavu, au mpitishe chini ya kwapa miguu yake ikielekea mgongoni kwako, asije kuupiga mshono teke.

Nile nini, nisile nini?

Hakuna chakula kinachoozesha mshono. Mayai, maharage, samaki, bamia: vyote vinaliwa. Kumnyima mama mayai na maharage ni kumnyima kinachojenga nyama ya kidonda. Mtori, supu, dagaa, maziwa, mchicha, machungwa na mapera ni vizuri. Uji wa pilipili manga hauna ubaya, ila usiwe ndicho chakula pekee.

Kukaza choo kunauumiza mshono. Kunywa maji kila unaponyonyesha, kula papai na mboga. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kukufungisha na kufanya choo kiwe cheusi. Usiviache, vimeze mbali na chai. Choo cha kuchuchumaa kinatumika, ila shika ukuta au weka kigoda cha kujiegemeza.

Kazi, kubeba na safari?

Kwa wiki sita usibebe kizito kuliko mtoto wako. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Haibebwi, haiinuliwi, haiburutwi. Kufua nguo nzito, kutwanga na kulima pia bado. Mume na majirani, hii ndiyo dawa mnayoweza kumpa. Kupika ukiwa umekaa na kutembea nyumbani unaweza mapema. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo iepuke. Bajaji au gari ni afadhali, mkanda wa gari wa kiunoni upite chini ya mshono na wa kifuani upite juu zaidi, usiukalie mshono wenyewe.

Vaa chupi ya pamba ya kiuno kirefu, ambayo lastiki yake inakaa juu zaidi ya mshono bila kuugusa.

Panawasha, pana ganzi, na kovu linavimba. Ni kawaida?

Muwasho bila majimaji ni dalili ya kupona. Pigapiga kwa kiganja, usikune. Ganzi hupungua kwa miezi, na wengine hubaki na sehemu ndogo ya kudumu. Kovu likinyanyuka na kuvuka mipaka ya mkato huenda ni keloidi, ambayo ngozi nyeusi huipata zaidi. Silikoni ya kubandika au sindano za daktari husaidia zikianza mapema. Kulikata tu bila matibabu mengine huwa kunalirudisha kubwa zaidi. Uvimbe laini unaojitokeza ukikohoa na kurudi ukilala ni ngiri ya kovu. Uonwe na daktari.

Tendo la ndoa na mimba nyingine?

Ngoja wiki sita, damu ikatike, mshono usiume, na uwe umeshaonwa kliniki. Uzazi wa mpango uanze kabla ya hapo, kwa sababu mimba inaweza kuingia kabla hujaona hedhi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo ubebe mimba nyingine, na kwa aliyepasuliwa muda huo una maana ya pekee: kovu la mfuko wa uzazi lililopumzika kidogo liko katika hatari zaidi ya kuchanika wakati wa uchungu.

Kwenye kliniki ya wiki ya sita, omba kadi yako iandikwe sababu ya upasuaji na mfuko wa uzazi ulikatwa vipi, wa kulala au wa wima. Mkato wa ngozi hauonyeshi mkato wa ndani, na mkunga atakayekupokea mimba ijayo atahitaji kujua huo wa ndani kabla ya kuamua kama unaweza kujaribu kuzaa kawaida. Ihifadhi kadi hiyo pamoja na vyeti, na ukihamia mkoa mwingine, hama nayo.